Fedha za buluu za Shelisheli: nani aliamua bahari itangulie?

Shelisheli ina ardhi ya kilomita za mraba 455 hivi, na bahari ya kiuchumi, yaani eneo la bahari ambalo rasilimali zake ni haki yake, inayokaribia kilomita za mraba milioni 1.4. Watu wake ni kama laki moja. Waziri wa mazingira wa nchi ya namna hiyo haishiwi na kazi: matumbawe yamepauka, fukwe zinaliwa na mawimbi, vilima vinaporomoka mvua ikizidi, taka hazina pa kutupwa, mimea vamizi inapanda milimani, na plastiki inaletwa na mikondo kutoka mbali. Kila jambo kati ya hayo lina watu wanaolipigania, na kila mmoja wao ana hoja ya kweli. Fedha haziwezi kutosha yote kwa pamoja, kwa hiyo kuna litakalotangulia na kuna litakalosubiri.

Kisa ninachokichambua ni namna nchi hiyo ilivyoitanguliza bahari, kwa njia ya deni lililogeuzwa kuwa fedha za hifadhi na, miaka michache baadaye, hatifungani ya buluu, yaani mkopo ambao serikali huchukua kwa wawekezaji kwa ajili ya shughuli za bahari. Kwenye mikutano ya kimataifa kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa ubunifu wa kifedha. Mimi kinanivutia kwa sababu nyingine. Ukikifuatilia hatua kwa hatua unaona kwamba hakuna aliyekaa mezani akayapanga mahitaji kuanzia kubwa hadi dogo. Kipaumbele kilitokana na aina ya fedha iliyoweza kupatikana, na ahadi iliyobidi kutolewa ili ipatikane. Baada ya hapo ndipo orodha ikaandikwa.

Deni lililofungua mlango

Oktoba 2008 Shelisheli ilishindwa kulipa riba ya hatifungani yake ya dola milioni 230. Ikapiga hodi kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, rupia ikaachwa ielee, thamani yake iamuliwe na soko, matumizi ya serikali yakakatwa, na Aprili 2009 wakopeshaji wa Klabu ya Paris, kundi la nchi zinazozidai nchi nyingine, wakakubali kupunguza deni lao kwa asilimia 45. Nchi ikasimama tena, ila haikusahau. Tangu hapo wizara yenye sauti kubwa kwenye kila mjadala, ukiwemo wa mazingira, ni ya fedha.

Likaja jingine ambalo kwa nje linafanana na habari njema. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliiweka Shelisheli katika kundi la nchi za kipato cha juu, na Januari 2018 ikatoka kwenye orodha ya OECD, jumuiya ya nchi tajiri, ya nchi zinazohesabiwa kupokea misaada rasmi ya maendeleo. Kipimo kilikuwa pato la wastani kwa kichwa. Kipimo hicho hakiulizi uchumi wenyewe umesimama juu ya nini, wala gharama ya kujenga ukuta wa bahari pale ambapo saruji huja kwa meli. Nchi za visiwa vidogo zimelalamikia jambo hili kwa miaka mingi, na ilikuwa Agosti 2024 tu ndipo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaidhinisha kielezo cha udhaifu kinachotazama zaidi ya kipato. Kielezo hicho hakimlazimishi mfadhili yeyote kubadili masharti yake.

Milango iliyobaki wazi ilikuwa na taratibu zake. Mfuko wa Mazingira Duniani hutengea kila nchi kiasi kwa kipindi cha miaka minne, kwenye mafungu ya bioanuwai, tabianchi na uharibifu wa ardhi. Andiko la mradi haliendi popote bila barua ya ofisa wa serikali aliyeteuliwa kuwa kiungo na mfuko, na fedha hupitia mojawapo ya mashirika 18 yaliyoidhinishwa, ambalo hukata ada yake. Barua ile ya kurasa mbili ndiyo kura halisi. Mpango wa taifa unaweza kuwa na malengo arobaini, lakini kilichopata barua ndicho kipaumbele, kisichopata kinabaki kuwa maandishi.

Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi nao ulikuwa na kikomo cha dola milioni 10 kwa kila nchi, kilichokuja kupandishwa hadi milioni 20 mwaka 2021. Shelisheli ilipopitishiwa mradi wa dola milioni 6.4 hivi, wa kurejesha mabonde ya maji ya visiwa vikuu vya Mahé na Praslin na kuzuia mmomonyoko wa pwani, ilikuwa imetumia karibu theluthi mbili ya haki yake yote katika mfuko huo kwa uamuzi mmoja. Nadhani uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Nautaja kwa sababu unaonyesha jinsi nchi ndogo inavyopanga: nafasi ni chache mno kiasi kwamba kila andiko linalopita linafunga njia ya mengine. Wakati wa mradi wa matumbawe ulipofika, Shelisheli iliungana na Mauritius wakaomba kupitia dirisha la miradi ya kikanda, ambalo halihesabiwi ndani ya kikomo cha nchi. Ni werevu wa kiofisi, hauandikwi magazetini, lakini ndio unaojaza mifuko.

Asilimia 30

Wazo la kubadilisha deni kuwa hifadhi lilizungumzwa na shirika la Marekani la The Nature Conservancy pamoja na Klabu ya Paris. Februari 2015 makubaliano yaliyotangazwa yalihusu deni la hadi dola milioni 30. Mpaka shughuli inafungwa, lililonunuliwa lilikuwa la dola milioni 21.6, lililodaiwa na Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Italia, na likalipiwa dola milioni 20.2. Kati ya hizo, milioni 15.2 zilikuwa mkopo kutoka kwa shirika hilo na milioni 5 zilikuwa michango ya taasisi za hisani.

Soma tena tarakimu hizo. Punguzo halikufika hata dola milioni moja na nusu. Mtu anayedhani Shelisheli ilisamehewa deni kubwa ili ihifadhi samaki amekosea. Wakopeshaji walipata karibu fedha zao zote. Kilichobadilika ni anayedai. Kwa deni hilo serikali haikudaiwa tena na nchi za Klabu ya Paris, ilidaiwa na mfuko wa udhamini ulioundwa nyumbani kwa sheria ya Novemba 2015, unaojulikana kwa kifupi kama SeyCCAT. Serikali inaulipa mfuko, mfuko unalirudishia shirika la Marekani mkopo wake, na kinachobaki kinakaa Shelisheli: wastani wa dola 280,000 kwa mwaka kwa ajili ya ruzuku za miradi, na dola 150,000 kwa mwaka zinazowekwa akiba ya kudumu, kwa miaka 20. Sehemu ya malipo hufanyika kwa rupia, jambo lenye maana kubwa kwa nchi ambayo kila dola lazima kwanza iletwe na mtalii au jodari.

Ahadi iliyotolewa ili haya yawezekane ilikuwa moja na ilikuwa wazi: asilimia 30 ya bahari yote kuwa maeneo tengefu. Lengo la dunia wakati ule, chini ya Mkataba wa Bioanuwai, lilikuwa asilimia 10 ifikapo 2020, na sehemu ya bahari iliyokuwa imehifadhiwa Shelisheli haikufika hata asilimia 1. Kwa nini asilimia ya bahari, na si idadi ya vijiji vilivyokingwa dhidi ya mafuriko, au tani za taka zilizoondolewa? Kwa sababu asilimia hupimika kwenye ramani, huandikwa kwenye mkataba, na mfadhili aliye ng'ambo anaweza kuwaonyesha waliomchangia. Dampo lililoboreshwa Mahé halina mnunuzi Washington. Nchi yenye bahari kubwa mara elfu tatu kuliko ardhi yake iliuza ilichokuwa nacho kwa wingi.

Sisemi hivyo kwa kejeli. Bahari ndiyo uchumi wa Shelisheli: watalii huja kwa ajili yake, na jodari hupakuliwa na kusindikwa bandarini Victoria, mji mkuu. Upaukaji wa mwaka 1998 uliua sehemu kubwa mno ya matumbawe hai kuzunguka visiwa vya ndani, na yale yaliyojitahidi kurudi yakapigwa tena mwaka 2016. Kuitanguliza bahari kulikuwa na sababu za kutosha. Ila kuwa na sababu za kutosha ni jambo moja, na kuwa chaguo lililopimwa na kulinganishwa na mengine ni jambo jingine. Kupanga ni kuchagua, na hapa ulinganisho haukufanyika.

Ramani yenyewe ilichukua miaka sita, kuanzia 2014, kwa mashauriano na wavuvi, wenye hoteli, bandari, watafuta mafuta na wanasayansi. Bahari iligawanywa kwa kanda: ya ulinzi wa juu ambako shughuli nyingi za uchimbaji na uvuvi zimezuiwa, ya ulinzi wa kati ambako matumizi endelevu yanaruhusiwa, na iliyobaki ya matumizi mseto. Februari 2018 kilomita za mraba 210,000 zikatangazwa. Machi 2020, chini ya Rais Danny Faure, zikafika zaidi ya 400,000, eneo kubwa kuliko Ujerumani, na ahadi ikawa imetimia.

Angalia sasa maeneo ya ulinzi wa juu yako wapi. Sehemu kubwa mojawapo ni bahari inayozunguka kisiwa cha matumbawe cha Aldabra na visiwa jirani, zaidi ya kilomita za mraba 74,000, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé. Mvuvi wa Mahé anayetega madema, mitego ya samaki ambayo wao huiita kazye, haendi huko. Kwenye uwanda wa Mahé, yaani bahari ya kina kifupi inayokizunguka kisiwa, wanakovuliwa bourzwa na samaki wengine wa mwambani wanaouzwa sokoni Victoria, kufunga eneo kungegusa kitoweo na kura. Kwa hiyo ahadi kwa wafadhili ilitimizwa mahali ambapo upinzani ulikuwa mdogo. Huko pia ndiko kwenye thamani kubwa ya kibaiolojia: Aldabra iko kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1982. Bahati ilikutana na siasa. Hata hivyo samaki waliokuwa wanapungua zaidi kwa mikono ya wenyeji walibaki kwenye uwanda, wakingojea mpango mwingine.

Fomu

Fedha zilipoanza kutoka, mfuko ulitangaza mwito wa maandiko ya miradi. Malengo yaliyowekwa ni matano: kusaidia maeneo tengefu ya bahari na pwani, kuiwezesha sekta ya uvuvi kwa sayansi na masoko bora, kurejesha mazingira ya bahari yaliyoharibika, kupunguza hatari za mabadiliko ya tabianchi na kuimarisha jamii, na kujaribu aina za biashara zinazofaa uchumi wa buluu. Ruzuku zilikuwa za madaraja, ndogo za hadi rupia 100,000 na kubwa za hadi rupia milioni 1.

Malengo matano yaliyoandikwa kwa upana huo hayamkatai mtu. Karibu kila wazo linalogusa maji ya chumvi litaingia kwenye mojawapo. Kinachochuja kinakuwa kingine: kamati ya tathmini inayotoa alama, bodi yenye wajumbe wa serikali, asasi na sekta binafsi, na kabla ya hao wote, fomu.

Mchukue mvuvi wa Praslin, wa kufikirika tu, mwenye boti moja na madema kumi. Amegundua kwamba akipanua matundu ya madema yake samaki wachanga wanatoka, na angependa kuwashawishi wenzake wa ghuba ile wafanye hivyo msimu mmoja, apime kinachotokea. Ni mradi mzuri, wa bei ndogo, kwenye uwanda ule ule ambao ramani iliukwepa. Sasa mpe fomu inayodai mantiki ya mradi, viashiria, bajeti kwa robo mwaka, mchango wa mwombaji, hesabu zilizokaguliwa na mpango wa uendelevu baada ya ruzuku kwisha. Kando yake yumo ofisa wa asasi ya uhifadhi mwenye shahada ya pili, aliyeandika maandiko ya aina hiyo tangu akiwa chuoni. Wote wawili wanapimwa kwa alama zile zile, na kwa haki kabisa. Matokeo unayajua.

Ugonjwa huu hauko Shelisheli peke yake, na mfuko ulijitahidi kuupunguza kwa kuweka daraja la ruzuku ndogo lenye masharti mepesi. Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, ambayo kwa muda mrefu kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi, ilianzishwa kwa nia hiyo hiyo. Lakini katika taifa la watu laki moja, idadi ya wenye ujuzi wa kuandika, kusimamia na kutolea ripoti mradi ni ndogo sana, na watu wale wale hukutana kila mahali: leo mwombaji, kesho mshauri, keshokutwa mjumbe wa kamati. Mgongano wa maslahi kwenye kisiwa hauzuiliki kwa tamko. Unasimamiwa kwa mjumbe kutoka chumbani ajenda yake ikifika, na kwa kumbukumbu za kikao kuandikwa vizuri.

Kwa tathmini yangu, kuanzisha mfuko nje ya wizara ndicho kilichofanyika vizuri zaidi katika kisa hiki chote. Fedha za mazingira zinapokaa kwenye bajeti kuu, huwa za kwanza kukatwa mambo yakiharibika, kwa kuwa mti hauandamani. Na mambo yaliharibika haraka. Mwaka 2019 Shelisheli ilipokea wageni zaidi ya 384,000. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga, walikuja 115,000 hivi. Rupia ikateleza kutoka 14 hivi kwa dola hadi zaidi ya 20. Waziri wa fedha yeyote angetazama kila sarafu iliyolala. Sheria ya 2015 ilimfunga mikono: malipo kwa mfuko ni deni, si hisani ya serikali kwa mazingira, na kutolipa kuna matokeo. Mwombaji wa ruzuku naye hakusalimika, maana bajeti yake iko kwa rupia na injini ya boti au kifaa cha kuzamia hununuliwa kwa dola, lakini angalau fungu lilikuwepo.

Mkopo wa kugawa ruzuku

Oktoba 2018, kwenye mkutano wa bahari uliofanyika Bali, Shelisheli ilitangaza hatifungani ya buluu, ya kwanza duniani kutolewa na nchi. Dola milioni 15, miaka 10, wanunuzi watatu wa Marekani: Calvert Impact Capital, Nuveen na Prudential. Riba kwa wawekezaji ni asilimia 6.5, lakini Benki ya Dunia ilidhamini dola milioni 5 na Mfuko wa Mazingira Duniani ukatoa mkopo nafuu wa milioni 5 wa kusaidia malipo ya riba, hivyo mzigo wa serikali ukashuka hadi asilimia 2.8 hivi. Kwa hesabu ya haraka, badala ya kulipa riba ya dola 975,000 kwa mwaka inalipa kama 420,000.

Mgao wake ndio unaotuhusu. Milioni 3 zilikwenda SeyCCAT kwa ajili ya ruzuku, na milioni 12 Benki ya Maendeleo ya Shelisheli ili zikopeshwe kwa biashara za uvuvi endelevu na uongezaji thamani. Serikali imekopa, sehemu ya moja kwa tano imegawa bure, na nne kwa tano imekopesha. Ile ya moja kwa tano hairudi. Mtu wa mazingira huipenda kwa kuwa haina masharti ya faida. Mtu wa hazina anajua kwamba kila rupia ya ruzuku hiyo itarudishwa kwa wawekezaji kutoka kwenye kodi.

Fungu la mikopo lilikuwa na ugumu wa aina nyingine. Ilitarajiwa kwamba wapo wafanyabiashara wengi wanaotaka kusindika samaki, kutumia mabaki ya samaki au kufuga viumbe vya baharini, wanaokwama kwa kukosa mtaji nafuu. Kiasi fulani walikuwepo, lakini mikopo ilitoka polepole kuliko ilivyotazamiwa. Mradi lazima uthibitishe kwamba hauongezi shinikizo kwenye samaki ambao tayari wamevuliwa kupita kiasi, na uthibitisho huo unategemea mpango wa usimamizi wa uvuvi wa uwanda wa Mahé, ule uliokuwa ukingojea. Fedha zilifika kabla ya kanuni. Hapa ndipo ule uamuzi wa kuanza na bahari ya mbali ulipodai malipo yake: ulinzi uliokuwa rahisi ulishakamilika, na mgumu, wa madema na mishipi karibu na nyumbani, ukawa ndio kizuizi cha matumizi ya mamilioni 12.

Plastiki ya Aldabra

Mwaka 2019 kikosi cha watu 12 wa kujitolea, wakishirikiana na taasisi inayosimamia Aldabra na Chuo Kikuu cha Oxford, kilikaa kisiwani wiki tano kikiokota taka. Waliondoa tani 25. Kamba na nyavu za uvuvi za viwandani ndizo zilizobeba uzito mkubwa, zaidi ya asilimia 80 ya takataka kwa makadirio yao, na baada yake ndara, maelfu kwa maelfu ya ndara za plastiki zilizobebwa na bahari kutoka nchi ambazo Shelisheli haiwezi kuzitumia hata ankara. Gharama ya kazi ile ilikuwa dola 224,537. Walikadiria kwamba zimebaki tani 513, na kuziondoa zote kungegharimu kama dola milioni 4.68.

Linganisha na dola 280,000 kwa mwaka za ruzuku zitokanazo na deni. Kuisafisha Aldabra peke yake kungemeza zaidi ya miaka 16 ya fungu hilo, na taka zingeendelea kuja. Kwa kipimo cha thamani ya mahali, hakuna kisiwa kinachostahili zaidi. Kobe wakubwa wa Aldabra ni wengi kuliko raia wa nchi yenyewe. Kwa kipimo cha nani alisababisha, Shelisheli haistahili kulipa hata senti. Kwa kipimo cha matokeo ya kudumu kwa kila dola, ni uwekezaji mbaya, maana hauzibi chanzo. Vipimo vitatu, majibu matatu, na hakuna fomu yenye alama 100 inayoweza kusema kipi kishinde. Waliookota walitafuta michango, na tani 513 zimehesabiwa kwa uangalifu ili siku moja awepo wa kutumiwa ankara.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Desemba 2023 ukaja mtihani wa upande mwingine. Mvua kubwa iliporomosha ardhi kaskazini mwa Mahé na kuua watu, na alfajiri hiyo hiyo ghala la baruti lililipuka eneo la viwanda la Providence. Hali ya hatari ikatangazwa. Kwa siku kadhaa hakuna aliyezungumza habari za asilimia 30. Vilima, mifereji na nyumba zilizojengwa kwenye miteremko ndivyo vilivyokuwa mazingira.

Wapo waliouliza, na swali lao ni la haki, kwa nini nchi iliyosifiwa dunia nzima kwa fedha za mazingira haina fungu kubwa la vilima. Jibu ni kwamba fedha zile zilipatikana kwa jina la bahari na haziwezi kupanda mlima. Ile kinga iliyozilinda wakati wa korona ndiyo inayozizuia kuhamishwa mvua ikinyesha. Huwezi kupata kimoja bila kingine, na nisingependa zihamishwe. Mfuko ukifunguliwa mara moja kwa dharura ya kweli utafunguliwa mara ya pili kwa dharura ya uchaguzi. Kilichokosekana ni mfuko wa pili, wa ardhi, wenye kinga ya namna hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejitokeza kununua deni kwa ajili ya mifereji ya maji ya mvua, na sidhani kama atajitokeza. Huo ni mzigo wa kodi za ndani na za wageni, na serikali inaweza kuubeba kwa urahisi zaidi kwa sababu upande wa bahari umeshapata wa kuusaidia. Hivyo ndivyo ningependekeza vipaumbele vipangwe kwenye kisiwa chochote cha aina hii: kwanza jiulize ni jambo gani mgeni hatalilipia kamwe, ulitengee fedha zako mwenyewe, kisha ndipo uende kwa wafadhili na yale yanayopendeza kwenye ramani. Shelisheli ilianza upande wa pili, na kwa deni ililokuwa nalo sioni kama ilikuwa na nafasi kubwa ya kufanya vinginevyo.

Mtaji wa hatifungani umepangwa kulipwa kwa mafungu matatu ya dola milioni 5, katika mwaka wa nane, wa tisa na wa kumi, yaani 2026 hadi 2028. Ikiwa mikopo ya Benki ya Maendeleo itakuwa inarejeshwa kwa wakati, sehemu kubwa ya mafungu hayo itajilipa. Ikiwa haitarejeshwa, wizara ya fedha itatafuta dola hizo kwenye bajeti ile ile inayotakiwa kujenga kuta za kuzuia maporomoko kaskazini mwa Mahé.